Magunia Yenye Ndugu

Mwaka wa tisini na tano, katika gulio la Lusahunga, mnunuzi hakuulizwa anataka bei gani. Gunia lake lilikuwa limeshasema. Alifika mapema, akatandaza gunia tupu kando ya barabara ya Rusumo, kwenye mstari wa bidhaa aliyoitaka, akaliwekea jiwe juu ili upepo wa malori usije ukalivusha mpaka bila kibali. Gunia lisilokunjwa lilisema: nina haraka, natoa bei ya gulio lililopita. Gunia lenye mkunjo mmoja lilisema: debe lipungue shilingi mia. Mikunjo miwili, mia mbili. Ng'ambo ya barabara wauzaji nao walisimamisha magunia yaliyojaa, na mkia wa kamba ya katani iliyoshona mdomo wa gunia waliufunga mafundo. Fundo moja, mia zaidi. Mafundo mawili, mia mbili zaidi. Hakuna aliyejua nani aliianzisha desturi hiyo. Pengine watu walichoka kupigizana kelele, maana pale Mhangaza, Msubi, Mzinza, Msukuma na Mrundi wa kambini walipatana bei kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Saa nne karani wa soko alipogonga ringi ya gari iliyoning'inizwa mbele ya ofisi, ndipo midomo ilipofunguka, na mara nyingi ilifunguka kumalizia tu yale ambayo magunia yalikwisha kuyasema.

Wote waliyaona magunia hayo kila Jumatano na kila Jumamosi. Aliyekaa akayahesabu ni Swaumu binti Muksini peke yake.

Swaumu alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alizaliwa Biharamulo mjini, katika ukoo wa wafanyabiashara ambao babu yao alitoka Pangani na mitumba miwili ya kaniki, akapenda hewa ya huku asirudi tena. Aliolewa Tabora, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na sanduku moja na daftari. Baba yake, mzee Muksini, alikuwa amefariki na kuacha ghala la bati pale Lusahunga. Lori na mtaji vilikuwa mikononi mwa kaka yake mkubwa, Amri. Ghala lilikuwa limefungwa, panya ndio waliokuwa wakijigawia. Swaumu akaomba ufunguo. Amri akampa, kwa namna mtu anavyompa mtoto kijiko ili aache kulia.

Kila siku ya gulio, saa moja asubuhi, Swaumu alipita mstari wa maharage na daftari lake. Gunia tupu lisilokunjwa alilihesabu zima. Lenye mkunjo mmoja alilihesabu nusu, la mikunjo miwili robo, na la mikunjo mitatu alilipita bila kuliangalia, kwa sababu mtu wa mikunjo mitatu ni kama yule bwana anayesema atakuposa akipata ng'ombe: maneno yake mazuri, ila usimshonee nguo. Kisha alivuka barabara akawapima wauzaji kwa mafundo yao vilevile. Akajumlisha pande zote mbili, akatazama, katika kila kumi, wanunuzi wamechukua ngapi. Hiyo ndiyo ilikuwa namba ya siku. Ikiwa sita au zaidi, maharage yatapanda kabla ya adhuhuri. Ikiwa nne au chini yake, yatashuka. Tano ilimaanisha soko linapumua, peleka nusu.

Namba hiyo aliiandika kwenye kipande cha karatasi akampa Minani, kondakta wa basi la Biharamulo lililopita saa moja na nusu. Minani aliiangusha Runazi, mikononi mwa Bulugu. Huyu Bulugu alikuwa Msukuma wa makamo, mpana, mpole, aliyepima pamba ya watu kwa miaka ishirini kabla ya kuajiriwa na Amri kununua maharage ya wakulima. Alikuwa na msemo wake, kwamba mzani hauna shemeji. Karatasi ikisema sita, alinunua na kupakia lori lote, magunia tisini. Ikisema nne, aliwaambia wapagazi waende wakacheze bao. Hakuuliza kwa nini. Ungempa sababu angekurudishia, kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi.

Namba ilifanya kazi. Lakini mwezi wa pili wa kazi hiyo Amri alisikia kwa dereva mmoja kwamba wimbi jipya la wakimbizi linavuka mpaka, watu maelfu. Asubuhi hiyo namba ilikuwa tatu. Amri akaenda Runazi mwenyewe, akapiga teke gurudumu la lori na kusema moyo wake unamwambia pakia. Bulugu akapakia. Watu walivuka kweli, ila hawakuvuka na hela. Magunia tisini yaliuzwa kwa bei ya kuombea dua, na mengine yakanyeshewa.

Ndipo mama yao, Bi Mwanamvua, alipowaita wote watatu sebuleni kwake, akawakalisha mkekani, akataka mambo yasemwe mbele yake. Amri, ambaye hasira zake hupoa haraka na kiburi chake hakipoi kabisa, alimgeukia Bulugu.

"Kuanzia leo usipakie kwa neno la mtu," alisema. "Pakia kwa namba ya Swaumu. Hata mimi nikija, hata yeye akija analia, kama hakuna namba iliyohesabiwa, usisikilize. Apa." Bulugu akaapa. Kisha Amri akamtazama dada yake. "Na wewe. Kiangazi kikiisha namba haijavunjwa, ghala ni lako, na jina lako nitaliandika juu ya mlango. Lakini siku utakapoifuta namba yako kwa sababu moyo umekudunda, ufunguo unarudi kwangu. Itakuwa imejulikana kwamba namba yako nayo ni moyo tu, uliovaa miwani."

"Sawa, kaka," alisema Swaumu, na baada ya Amri kuapa naye akaapa.

Alisema sawa kwa sababu alijiamini, na kwa sababu alilitaka ghala lile kuliko alivyowahi kumtaka mume. Alipokuwa na ufunguo kiunoni watu walimwita Swaumu wa ghala. Bila ufunguo aliitwa yule binti wa marehemu Muksini aliyerudishwa, na aliujua vizuri uzito wa hilo neno la mwisho.

Miezi mitatu ilipita na namba haikuguswa. Zilibaki wiki tatu mvua ianze.

Jumamosi moja Swaumu alipita mstari wa maharage akakuta magunia matupu hamsini na nne yasiyo na mkunjo hata mmoja. Mengine manne yalikuwa na mkunjo mmojammoja. Hamsini na nne na mbili, hamsini na sita. Wauzaji ng'ambo, baada ya kupima mafundo yao, walikuwa ishirini na nne. Themanini kwa jumla. Katika kila kumi, wanunuzi saba. Alihesabu mara ya pili, kwa sababu saba ilikuwa haijatokea tangu Idi, akaiandika, Minani akaondoka nayo na vumbi lake.

Akaenda kununua chapati. Mama wa chapati alikaa upande wa mahindi, na kufika kwake ni kupita katikati ya mstari wa mahindi. Swaumu hakuwa na kawaida ya kuutazama mstari huo. Biashara yake ilikuwa maharage, na mwenye shughuli zake hachungulii chungu cha jirani. Lakini chapati zilikuwa hazijaiva, akasimama, macho yakawa yanazurura. Yakatua juu ya gunia tupu lenye alama ya samaki iliyochorwa kwa mkaa.

Samaki yule alikwisha kumwona. Alikuwa kwenye mstari wa maharage, gunia la tatu kutoka mwanzo.

Wachuuzi wa kambini waliweka alama za mkaa kwenye magunia yao, kwa sababu yote yalikuwa ya aina moja, yale meupe ya chakula cha msaada. Swaumu akatazama gunia lililofuata: jembe. Jembe nalo lilikuwa kwenye maharage. Lililofuata, herufi mbili na nukta, nazo alizikumbuka. Akaziacha chapati, akaenda mstari wa makopa ya muhogo. Samaki alikuwapo. Jembe lilikuwapo.

Mwenye samaki alikuwa Nkeshimana, mwanamke mwembamba wa Kirundi aliyekuja kila wiki kwa lori la msaada linalorudi tupu, akapeleka bidhaa kambini kuziuza kwa vikombe. Alikuwa amekaa juu ya jiwe katikati ya mistari yote mitatu, anamenya muwa.

"Nkeshimana, leo utanunua magunia matatu?"

"Oya, hapana, mama." Alicheka kwa adabu, akiziba mdomo. "Hela ni ya gunia moja. Mgao wa kambini umechelewa, na barabara ya Nyantakara tumesikia imekatika. Hatujui kitakachotangulia kufika. Tukakubaliana kwenye lori: kila mtu alaze gunia pote patatu. Kikianza kuja kimoja, tunakichukua hicho, yale mawili tunayakunja."

"Kila mtu? Wote mliokuja leo?"

"Malori mawili, mama. Watu wale wote."

Swaumu aligeuka akautazama mstari wa maharage. Alikuwa amehesabu magunia miezi yote hii bila kuwahesabu wenye magunia, kama mtu anayehesabu viatu mlangoni mwa msikiti akadhani kila kimoja kina mtu wake. Siku nyingine hilo halikudhuru, kwa kuwa mtu alilaza gunia moja akakaa karibu nalo. Leo kila gunia lilikuwa na ndugu wawili.

Akapita tena mistari yote mitatu, alama kwa alama, bila haraka. Yale hamsini na nne hakuna hata moja lisilo na ndugu. Basi kila moja ni theluthi ya mnunuzi: kumi na nane. Na yale manne ya wenye mikunjo, yanayohesabiwa mawili, ishirini. Wakati huo wauzaji walikuwa wameongezeka ng'ambo, ishirini na nne imekuwa thelathini. Hamsini kwa jumla. Katika kila kumi, wanunuzi wanne.

Nne. Na saba ilikuwa njiani kwenda Runazi, kama haijafika.

Hapo Swaumu alikaa juu ya ngazi ya ghala lake na kulitazama jambo lenyewe usoni. Akinyamaza, namba itabaki nzima. Lori litakuja na magunia tisini, litakuta watu wamekunja magunia yao, Amri atapata hasara, atakasirika wiki nzima, atapoa. Hasara haikuwa ndani ya kiapo. Kiapo kilisema kuvunja tu. Wiki tatu zaidi na ghala lingekuwa lake. Akienda kuzuia, atakuwa ameifuta namba yake kwa mkono wake, mbele ya mtu asiyejua kusema uongo. Aliogopa. Aliogopa hasa chumba cha uani nyumbani kwa mama yake, kitanda kile cha kamba, na shangazi zake wakija Ijumaa kumtazama kwa huruma.

Halafu akajiuliza hiyo namba itakuwa ya nini, kama mwenyewe anajua ni ya uongo na ameiacha itembee. Akachana karatasi, akaandika nne, akafunga ghala, akasimama barabarani akapunga mkono. Lori la mafuta lililokuwa linarudi tupu likamchukua.

Alifika Runazi saa tatu. Lori la Amri lilikuwa limeshapakiwa nusu, wapagazi wanaimba, na Bulugu amesimama kando ya mzani na kofia yake ya pamba.

"Shikamoo, mzee Bulugu."

"Marahaba, dada. Mbona siku ya gulio umekuja mwenyewe?"

"Simamisha kupakia. Namba imebadilika. Hii hapa."

Bulugu aliipokea karatasi, akaisoma, akatoa ile ya kwanza mfukoni, akaziweka mbili hizo kando kwa kando kwenye sahani ya mzani, kama vile moja ingeweza kuzama.

"Hii saba ni ya saa moja," alisema. "Hii nne ni ya saa ngapi?"

"Ya saa mbili na robo. Ya kwanza niliikosea. Watu wale wamelaza magunia—"

"Dada, usinieleze." Aliinua kiganja. "Ukinieleza nitaelewa, na nikielewa nitaanza kuwa na maoni. Nijibu moja tu. Hii umeihesabu, au umeiona moyoni?"

"Nimeihesabu. Gunia kwa gunia."

"Na hii saba?"

"Hiyo naifuta."

Bulugu alivua kofia akajikuna kichwa. Hakufurahia alilolazimika kusema. "Basi umeivunja."

"Nimeivunja."

"Nitamwambia Amri hivyo hivyo. Sitaongeza, sitapunguza."

"Mwambie."

Akawageukia wapagazi akawaambia washushe. Wimbo ulikatika. Mmoja wao alilalamika kwamba mgongo wake si ngazi ya kupandisha na kushusha, Bulugu akamwambia atalipwa kote kuwili, na mgongo ukapona pale pale.

Gulioni saa nne ringi ilipogongwa, makopa ndiyo yaliyotangulia: malori matatu kutoka Nyantakara, kwa njia ambayo haikuwa imekatika wala nini. Wachuuzi wa kambini wakayavamia. Kufikia saa tano mstari wa maharage ulibaki na magunia manne ya wenye mikunjo, na mawe hamsini na nne yamekaa chini bila kazi. Waliokuwa wameleta maharage walifungua mafundo yao moja baada ya jingine, kisha wakauza kwa mia nne pungufu ya gulio lililopita, na mmoja akayarudisha yake nyumbani akimlaani kila mtu kwa Kihangaza.

Amri alikuja Lusahunga Jumapili. Alikuwa amepita Runazi kwanza. Alisimama mlangoni mwa ghala, mtu mrefu mwenye kanzu safi, akatazama rafu, mzani, daftari.

"Umeniokolea mali," alisema. "Hilo nalijua. Nimewaona waliouza jana."

"Alhamdulillah."

"Lakini umeivunja."

"Nilihesabu upya, kaka. Wewe siku ile ulisikia maneno ya dereva. Mimi nilihesabu."

"Baada ya kuwa umeshahesabu mara ya kwanza. Kesho utahesabu mara ya tatu. Keshokutwa utahesabu mpaka ipatikane unayoitaka." Hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Swaumu zaidi. "Safari hii umepatia. Mimi nami siku ile nilidhani nimepatia. Tuliapa, Swaumu. Kama kiapo ni cha siku za kukosea tu, basi si kiapo."

Swaumu alijua kiapo kilikuwa kimesema hivyo kweli. Akafungua kibwebwe, akautoa ufunguo, akamwekea kiganjani. Alirudi Biharamulo kwenye lori la kaka yake, amekaa mbele. Usiku ule alilia mpaka mto ukalowa. Bi Mwanamvua alimsikia ukutani akamwacha alie. Asubuhi alimpa ungo wa mchele na kumwambia achambue, maana kupotea njia ndiyo kujua njia, na wali wa saa saba unataka mchele usio na mawe.

Jumatano ya gulio Amri aliamka mapema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa ghala, lori, na uhuru wa kuusikiliza moyo wake tena, na moyo wake ulikuwa na mengi ya kusema baada ya miezi mitatu ya kunyamazishwa. Alifika Runazi saa moja na nusu.

"Bulugu, leo tunapakia. Yote tisini."

"Namba?" aliuliza Bulugu.

"Hakuna namba. Swaumu amerudi nyumbani."

"Minani hajapita bado. Nitangoja."

"Minani hana kitu, nimekwambia. Hakuna wa kuhesabu. Pakia."

Bulugu alikaa juu ya gunia. "Uliniapisha kwamba hata ukija wewe, nisisikilize."

"Kiapo kimekwisha! Swaumu alikivunja Jumamosi, na wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia."

"Nilikuambia." Bulugu alifikiri, na kufikiri kwake kulionekana, taratibu, kama ng'ombe anayevuka barabara. "Tuliapa kwamba akivunja, ufunguo urudi kwako. Umerudi. Hatukuapa kwamba namba ife. Kwangu mimi nilikoapishwa ni kwenye namba, na namba haijaja."

Amri alimwambia anamwondolea kiapo. Bulugu akauliza anamwondolea mbele ya nani, maana alimwapisha mbele ya mama yake. Amri akamwambia atamfukuza kazi. Bulugu akasema hilo anaweza, atampisha, ila wakulima waliokuwa wamesimama pale na maharage yao walikuwa wanasubiri mzani wa Bulugu, na Amri akiushika yeye, aone kama watauamini. Amri aliwatazama wakulima. Wakulima wakatazama miguu yao. Wapagazi, ambao hawakuwa wamesahau kupakia na kushusha, walikuwa wameshachora bao mavumbini.

Ikabidi waende Biharamulo. Lori tupu, Amri usukani, Bulugu kando yake ameshika kofia mapajani.

Bi Mwanamvua alikuwa barazani na Swaumu alikuwa amekaa chini miguuni pake, na ungo. Amri alisalimu, akaeleza, akaomba mama yake amfungue Bulugu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi siwezi kufungua nisichokifunga," alisema. "Nilikuwa shahidi tu. Namba ina mwenyewe, huyu hapa. Mwombe yeye."

 Jua lilikuwa limeshapanda, na huko Lusahunga ringi ilikuwa karibu kugongwa.

"Swaumu," alisema Amri. "Niandikie namba ya leo."

"Namba ya leo ilikuwa Lusahunga saa moja asubuhi, kaka. Hapakuwa na mtu wa kuihesabu."

"Andika yoyote basi, lori lipate kuondoka."

"Yoyote si namba," alisema Bulugu kutoka nyuma, kwa upole.

Amri alimgeukia. Akaketi kwenye ukingo wa baraza. Kwa mara ya kwanza tangu wafike alimtazama dada yake vizuri, macho yaliyovimba, vidole vikiendelea kuchambua.

"Ile Jumamosi," alisema, "kama ungenyamaza, wiki tatu hizi zingeisha na ghala lingekuwa lako. Ulilijua hilo ulipopanda lile lori la mafuta?"

"Nililijua."

"Na ukapanda."

"Nikapanda."

Amri aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu. Hakumpa Swaumu ufunguo. Pengine aliona aibu. Alimpa mama yake, na Bi Mwanamvua, ambaye hakuwa na subira na aibu za wanaume, aliudondosha ndani ya ungo, katikati ya mchele.

Swaumu aliuacha hapo kwanza.

"Kuanzia sasa sitahesabu magunia peke yake," alisema. "Nitahesabu na ndugu zake, mistari yote. Na nikiona nimekosea nitatuma karatasi ya pili, na ya tatu. Hilo sitaliita kuvunja."

"Nitafuata ipi?" aliuliza Bulugu, kwa wasiwasi wa kweli.

"Ya mwisho niliyoihesabu."

"Hilo nalo liapwe," alisema Bulugu.

Bi Mwanamvua akaagiza mkeka uletwe. Wakakaa walewale, hapo hapo barazani, na Amri akaapa upya kwa sauti ya chini, na mama yake akamtaka arudie kwa sababu alikuwa hasikii vizuri sikio la kushoto, jambo ambalo halikuwa kweli. Alipomaliza, Swaumu aliuchukua ufunguo kutoka kwenye mchele, akaupangusa, akaufunga kiunoni.

"Na jina juu ya mlango?" aliuliza.

"Kiangazi hakijaisha," alisema Amri.

"Lori lako liko tupu siku ya gulio," alisema mama yake. "Kwako kimeisha."

Jumamosi Swaumu alishuka Lusahunga kabla ya saa moja. Juu ya mlango wa ghala paliandikwa SWAUMU MUKSINI kwa rangi ya kijani, herufi zimepinda kidogo kulia, rangi haijakauka, na chini yake alama ya kidole cha mtu aliyejaribu kuona kama imekauka. Nkeshimana alikuwa amekwisha kufika, amekaa juu ya jiwe lake, na alipomwona akamwinulia vidole viwili, maana leo alilaza gunia mistari miwili tu. Swaumu alimshukuru, akafungua daftari. Hakwenda kwenye maharage. Alianzia mstari wa mahindi.